Mume wangu kapewa kadi nyeusi ya benki, sasa anataka na mimi niwe nayo

Anti shikamoo. Naomba jina langu usilitoe kabisa maana mashemeji zangu wanasoma hapa na wakijua ni mimi nyumba itawaka moto.

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunakaa Mbezi Beach, nina duka la nguo za kike Sinza na mzigo naufuata mwenyewe Guangzhou, zamani nilikuwa naagiza kwa watu ila wakawa wananiletea vitu haviuziki. Mume wangu kaajiriwa kampuni moja ya mambo ya bandarini, mshahara wake si haba, tunamshukuru Mungu.

Sasa mwaka jana benki yake ikampigia simu, alikuwa dada mmoja ana sauti tamu kweli, mume wangu akaweka spika na mimi nisikie. Akaambiwa amechaguliwa, kwamba kadi hii huendi kuiomba dirishani, wanaalikwa watu wachache tu. Anti, ile neno "umechaguliwa" ndo ilimmaliza mume wangu. Kadi ikaja kwenye boksi zuri utafikiri la saa, nyeusi, nzito, ukiidondosha mezani inalia kama chuma. Ada yake laki 9 kwa mwaka, na limiti ya kukopa milioni 15.

Toka siku hiyo sina mume, nina mheshimiwa. Wakienda kula Masaki na wenzake bili ikija wenzake wala hawashughuliki tena maana wanajua atasema lete mashine, kadi inawekwa juu ya meza kila mtu aione, alafu mashemeji wanasema "bosi bwana, bosi". Kasafiri Nairobi kikazi, kaingia launji pale Terminal 3 na wenzake wawili, picha status siku nzima. Ada ya shule ya watoto ya Januari imepita humohumo kwenye kadi, matairi ya gari humohumo, harusi ya mdogo wake humohumo.

Mimi nilijua analipa. Mwezi uliopita kanitumia makaratasi yake ya safari nimprintie dukani, katikati nikakutana na stetimenti ya kadi. Anti, inadaiwa milioni 11! Riba asilimia 3 kwa mwezi, na kila mwezi yeye analipa ile kima cha chini tu, asilimia 5. Nilikaa chini kwenye kiti cha wateja.

Nilipomuuliza hakukasirika hata, alicheka. Akasema hili sio deni kama la mtaani, ni kadi ya watu wenye hadhi, wazungu wote wanaishi hivi, na kuna pointi zinajikusanya tutakuja kukatia tiketi ya bure. Alafu akanionyesha email, benki wenyewe wanataka kumpandishia limiti ifike milioni 25. Akaniuliza "sasa wewe unajua hela kuliko benki? Wangekuwa na wasiwasi na mimi wangeniongezea?" Nikakosa la kujibu.

Sasa ndo kaja na jipya, anataka anitolee kadi ya nyongeza yenye jina langu, eti nikienda China nisibebe hela nyingi na nipumzike launji kama mke wa mtu. Na mimi Anti sitaki unafiki, safari iliyopita tulisafiri wote akaniingiza launji, nilikula, nikaoga, nikalala masaa matatu, kwa mtu aliyezoea kulala kwenye viti pale Addis na begi chini ya kichwa ilikuwa raha sana. Kwa hiyo moyo nao unavuta.

Naomba unisaidie, hizo faida ni za kweli au ni mbwembwe? Nichukue hiyo kadi au niache? Na nitamwambiaje mume wangu bila kumvunja, maana kakulia Tandika chumba kimoja watu 7, hii kadi kwake ni kitu kikubwa, nikiisema vibaya ataona namrudisha kule.

Mama wa Duka, Sinza

ANTI ANAJIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa hicho kiti cha wateja.

Kadi ya nyongeza usichukue, angalau sio sasa hv. Kadi ya nyongeza haiji na limiti yake, inachota kwenye ileile milioni 15 ya mumeo ambayo imebaki milioni 4, na kila utakachoswaipu kinaandikwa kwake. Wewe ukinunua mzigo humo, deni la duka na deni la Masaki vinakuwa kitu kimoja na baada ya miezi miwili hamna atakayejua kipi cha nani, mtaanza kugombana kwa stetimenti. Duka lako saa hizi ndo kitu pekee hapo nyumbani ambacho hakijaguswa na hiyo kadi. Liache hivyohivyo. Alafu uliza pia, kadi nyingi za aina hii launji ya bure anapewa mwenye kadi kuu tu.

Sasa umeniuliza faida ni za kweli au mbwembwe. Ni za kweli, mwanangu, na ndo maana zinanasa watu wenye akili zao. Launji ipo kweli. Bima ya safari ipo, ila mara nyingi inafanya kazi pale tiketi ulipoikata kwa kadi hiyohiyo, ukikata kwa hela ya mkononi kwa ajenti halafu begi likapotea usije ukasema kadi imekudanganya. Kwa wanaokwenda Ulaya bima hiyo inaweza kuokoa hela, maana viza ya Schengen inadai bima ya kuanzia euro 30,000 na kadi nyingine kubwa zinakupa barua ya kuonyesha ubalozini. Ukikodi gari nje ya nchi au ukifika hoteli wanaotaka kushikilia dhamana, kadi ya kukopa inapokelewa bila maneno wakati kadi ya kawaida ya akaunti wengine wanaikataa kabisa, au wanafungia hela yako halisi wiki nzima. Na kuna faida moja ambayo hakuna anayeipigia picha, nayo ni kwamba ukilipia kitu mtandaoni kisije, unaweza kuilalamikia benki wakafuatilia hela irudi. Hiyo kwa mtu wa biashara ni kubwa kuliko launji, na habari nzuri ni kwamba haihitaji kadi nyeusi, kadi ya kawaida ya Visa au Mastercard nayo inayo utaratibu huo.

Ila zote hizo zimepangwa kwa mtu wa aina moja, anayesafiri kila mara kwenda mbali na anayelipa deni lote kila mwezi bila kubakiza hata shilingi. Huyo ndo anayekula bure. Ukilipa lote kwa tarehe, benki inakupa siku kadhaa za kutumia hela yao bila riba. Ukibakiza kidogo tu, kwenye kadi nyingi ule msamaha unaondoka, hata vitu vipya unavyonunua vinaanza kuhesabiwa riba tangu siku ulipoviswaipu. Mumeo yuko huko tayari, kwa hiyo hata soda anayonunua leo ina riba. Na kama amewahi kuichomeka kwenye ATM akatoa keshi basi ndo balaa, pale kuna makato ya papo hapo na riba inaanza dakika hiyohiyo, haina siku za kusubiri.

Tufanye hesabu, chukua kalamu. Milioni 11 kwa asilimia 3 ni 330,000 kwa mwezi, riba tu. Yeye analipa asilimia 5, kama 550,000 hivi, kwa hiyo zaidi ya nusu ya anachotoa inaliwa na riba kabla haijagusa deni. Akiendelea na kima cha chini mwaka mzima, na hapa naweka kwamba haswaipu tena hata maji ya kunywa, atakuwa ametoa kama milioni 6 na deni litashuka kwa milioni 2 na nusu tu, bado atadaiwa milioni 8 na ushee. Rudia kusoma hapo. Sasa mkibana, mkalipa 1,200,000 kila mwezi bila kukosa, deni lote linaisha kwenye miezi 11 na riba yote kwa jumla inakuwa milioni 2 na kidogo.

Kuhusu pointi nataka ucheke kidogo. Kadi nyingi pointi zake ukizigeuza hela zinakaribia asilimia 1 ya ulichotumia. Tuseme kapitisha milioni 14 tangu aipate, pointi zake zina thamani ya laki moja na 40 hivi. Riba ya mwezi mmoja ni 330,000. Hiyo tiketi ya bure mnailipia kila mwezi mara mbili na bado hamjapanda ndege, na laki 9 ya ada sijaigusa.

Launji nayo ina bei yake, ingieni muone. Kuna kampuni kama Priority Pass zinauza uanachama kwa mtu yeyote, na kwenye vifurushi vyao vya chini kuingia mara moja ni kama dola 35, yaani zaidi ya 80,000 za kwetu, na launji nyingi unalipia palepale mlangoni bila kadi yoyote. Kwa hiyo ada ya laki 9 ni sawa na kuingia launji mara 10 kwa hela yako. Mwanangu, wewe unakwenda China mara ngapi kwa mwaka? Mumeo Nairobi mara ngapi? Alafu wale wenzake wawili aliowaingiza pale Terminal 3, kaangalie stetimenti ya mwezi uliofuata, wageni mara nyingi hawaingii bure, wanakatwa kichwa kwa kichwa kwa dola. Mimi nahisi ukitafuta utaiona.

Hilo la "wazungu wote wanaishi hivi" nalo liangalie. Kadi nyeusi inayosemwa duniani ni ile Centurion ya American Express, ilitoka mwaka 1999 baada ya miaka mingi ya uvumi mtaani kwamba kuna kadi ya siri ya matajiri, kampuni ikaona uvumi wenyewe ni mtaji ikaitengeneza. Kule Marekani kujiunga imetajwa dola 10,000 na kila mwaka dola 5,000. Wenye kadi hiyo ni watu ambao ada hiyo kwao ni hela ya chai, na hawalipi kima cha chini. Benki nyingine duniani zikaona weusi unauza, na ndo sasa kila mtaa una kadi nyeusi ya kualikwa. Siwalaumu, ni biashara, ila "umechaguliwa" maana yake kompyuta yao imeona mshahara unaoingia kila mwezi.

Na hapo ndo jibu la swali lililokunyamazisha, kwamba benki wangekuwa na wasiwasi wasingemuongezea. Ni kweli hawana wasiwasi! Mteja wa kadi wa kupendwa sio anayelipa yote, huyo anawaachia kile kidogo wanachokata kwa mwenye duka kila kadi ikiswaipiwa. Wa kupendwa ni anayebakiza kila mwezi na hakosi kima cha chini, huyo ni 330,000 kila mwezi bila jasho. Benki inajua kama ataweza kuwalipa. Haijui kama Januari ijayo watoto watakwenda shule kwa hela gani, na sio kazi yao kujua. Siku akikwama ndo utaona sura nyingine, jina linaingia kwenye taarifa za wakopaji ambazo benki zote zinaziangalia, na siku anataka mkopo wa kujenga wanamwangalia tofauti. Kwa hiyo hiyo ya milioni 25 aikatae, tena kwa email, sio kwa simu na yule dada wa sauti tamu.

Haya, mumeo. Umenigusa uliposema chumba kimoja Tandika. Mtu aliyekulia vile akiitwa kwa jina na benki, akapewa boksi, hawezi kuiona kama kipande cha chuma, na ukianza na maneno "unajionyesha" utakuwa umempiga penye kidonda na mashemeji watapata habari kabla ya jioni. Kwa hiyo usiiguse kadi. Usiseme habari za hadhi, wala za Masaki. Kaa naye siku ya utulivu, watoto wamelala, mwekee karatasi ya ile hesabu, milioni 6 itoke na deni lipungue milioni 2 na nusu, alafu nyamaza. Mtu wa bandarini anazijua hesabu, storage ya kontena inavyopanda kila siku anaijua kuliko mimi na wewe. Muache aikague mwenyewe na stetimenti yake mkononi, akikuta nimekosea shilingi atakwambia.

Akishaona, mpe njia inayomwacha bado ni baba mwenye nyumba. Kama kazini kwao kuna SACCOS, au benki inampa mkopo wa mshahara, riba yake karibu lazima itakuwa chini sana kuliko asilimia 3 kwa mwezi, akope huko alipe kadi yote siku moja, abaki na rejesho moja lenye mwisho. Ila hapo pana mtego, wengi wakishalipa kadi wanaona limiti imerudi milioni 15 wanaanza upya, wanabaki na mikopo miwili. Kwa hiyo siku hiyohiyo aombe limiti ishushwe, milioni 2 inamtosha kwa hoteli na mambo ya safari, au ahamie kadi ya kawaida. Tarehe ya ada ya mwaka ikikaribia aiombe benki imfutie, wakati mwingine wanakubali kwa mteja mwenye mshahara mzuri, wakikataa arudishe kadi kwa heshima. Na ana haki ya kuelezwa kila tozo kwa maandishi, Benki Kuu ilishatoa kanuni za kumlinda mteja wa huduma za fedha mwaka 2019, asione aibu kuuliza kisa kadi ni nyeusi.

Wewe usimlipie deni kwa hela ya duka. Najua utashawishika. Msaidie kwa ada ya shule ya muhula ujao, hiyo itoke dukani keshi, ili kadi isiguswe, lakini mtaji wa mzigo usiingie humo.

Na safari yako ya Guangzhou, kusema kweli hiyo kadi isingekusaidia sana huko. Kwenye yale masoko ya jumla mwenye duka anataka umskanie QR ya Alipay au WeChat, zile app za Wachina za kulipia kwa simu, mashine ya Visa utaitafuta. Siku hizi unaweza kuunganisha kadi ya nje kwenye Alipay, hata kadi yako ya kawaida ya benki, malipo ya chini ya yuan 200 hawakati kitu ila yakizidi hapo wanakata asilimia 3, na mwisho kwa malipo mamoja ni dola 5,000. Juu yake benki yako nayo inaweka chake kwenye kubadilisha hela. Inafaa kwa chakula, teksi na hoteli. Kwa mzigo endelea na njia yako uliyoizoea. Na popote mashine itakapokuuliza unataka kulipa kwa shilingi au kwa hela ya pale, chagua hela ya pale, ukikubali shilingi wanakupigia reti yao ya hovyo.

Ukifika uwanja wa ndege na umechoka, toa dola 35 zako za duka uoge ulale. Umezifanyia kazi, na hazina riba. Niandikie akishaiona ile karatasi, nataka kujua kasemaje.

Anti